Mwaka wa Kikombe cha Pili

Da Tekla alifariki mwezi uliopita, kitandani kwake Lewisham, hapa Uingereza, akiwa na miaka themanini na minane, dirisha likiwa wazi kwa sababu maisha yake yote hakupenda hewa iliyokaa. Sikulia sana. Nimefanya kazi ya uuguzi katika mji huu zaidi ya miaka arobaini, na sisi wauguzi hulia kwa mafungu, kidogo leo, kidogo kesho, mara nyingi tukiwa tunaosha vyombo. Nilichofanya ni kupanda basi kutoka Thamesmead na sufuria ya pilau mapajani, nikaenda kukaa na wafiwa. Mfiwa mwenyewe alikuwa mmoja tu, Doreen, mtoto wa kaka yake, aliyezaliwa hapahapa. Anakielewa Kiswahili chote, hata cha kusengenyea, lakini ukimsemesha atakujibu kwa Kiingereza. Tulikula pilau kwenye jiko lilelile nililoliacha mwaka nilipoolewa, meza ileile, hata ile droo isiyofungika bado haifungiki. Halafu Doreen akaniambia kuwa Jumamosi ya wiki inayofuata kutakuwa na ibada ya shukrani kanisani, na anataka watu wasikie wimbo mmoja wa shangazi yake. Tatizo lake lilikuwa ni wimbo upi. "On the record she's whispering, Auntie Yusta," akasema. "Dad always said she could lift the roof." Nikamwambia baba yako hakusema uongo. Akanyanyuka, akarudi na bati la biskuti. Ndani mlikuwa na kaseti moja, imefungwa kwa leso. Kwenye kibandiko fundi wa studio alikuwa ameandika jina la wimbo, "Kikombe cha Pili," kwa herufi za Mwingereza anayeandika asichokijua. Chini yake, kwa wino wa buluu, ulikuwepo mwandiko wa Da Tekla mwenyewe: *Siku Yusta aliponisitiri.*

Yusta ni mimi. Nilisoma maneno yale mara mbili, kisha nikaitia kaseti kwenye pochi na kumuuliza Doreen kama kuna chai. Siku ile naikumbuka. Kwa zaidi ya miaka arobaini nimeikumbuka kama siku niliyomharibia Da Tekla kazi ya maisha yake, na mwenyewe akanyamaza kwa ustaarabu. Sasa naambiwa, tena na marehemu, kwamba nilimsitiri. Mtu hawezi kumharibia mwenzake na kumsitiri kwa tendo lilelile. Mmoja wetu alikuwa amekosea.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa uuguzi, na nilipangishwa chumba cha juu kabisa nyumbani kwa Da Tekla kwa sababu wote wawili tulikuwa watu wa Muheza, na ugenini hiyo inatosha kuwa undugu. Chumba kilikuwa na karatasi ya ukutani ya maua ya kahawia, makubwa kama sahani, na hita ya mafuta ya taa iliyonuka kama duka la Mpemba. Bafu lilikuwa kwenye ngazi, ukuta mmoja na kitanda changu. Yeye alikuwa na miaka arobaini na minne. Leo namwona mtu wa umri huo kama binti, lakini katika muziki wa pop wa wakati ule alikuwa mkongwe, na magazeti yalipomkumbuka yalimwita hivyo bila haya. Alikuwa ameimba na bendi kwetu tangu akiwa msichana, nyimbo zake zilipigwa katika kila baa yenye umeme, na baadaye akaja Uingereza akapata wimbo mmoja uliopendwa na Waingereza kwa majira ya joto mazima. Kisha ukaja ukimya, na katika ukimya huo likaja rovu, ule uvimbe wa shingoni, akapasuliwa. Daktari alimwambia sauti itarudi, ila kule juu kabisa hawezi kumwahidi. Tangu hapo alivaa kitambaa shingoni hata jikoni. Alikataa katakata nimwite mama. "Msanii hana umri," alisema, "ana majira tu. Niite dada." Mimi kwake nikawa "mdogo wangu," na wageni walitutazama mara mbili.

Mwaka huo alikuwa anarekodi santuri ya kurudi. Prodyuza wake alikuwa Derek, yuleyule aliyemrekodia ule wimbo wa majira ya joto, mzee wa sweta za vifungo aliyesema "lovely" kwa kila kitu. Akiletewa chai, lovely. Chai ikiwa imepoa, lovely vilevile. Da Tekla alikuwa akimwigiza mezani hadi nashindwa kumeza. "Mwingereza akikuambia lovely," alisema, "nenda kajitazame kwenye kioo." Muziki uliotawala redioni wakati ule ulikuwa roki laini: kinanda cha umeme kinachomung'unya, gitaa lisilopandisha sauti, mwimbaji anayekuimbia kama vile amekaa kiti cha pembeni garini na hataki kumwamsha mtoto nyuma. Niliwahi kukaa kwenye ngazi, nikijifanya natafuta kiatu, nikamsikia Derek jikoni akimweleza. Watu wamechoka kupigiwa kelele, Tekla, alimwambia. Wanataka sauti ya karibu. Imba kana kwamba unaniambia mimi peke yangu. Da Tekla akamjibu kwamba kwao mtu akitaka kumwambia mtu jambo peke yake haimbi, anamwita chemba. Vijiko viligonga vikombe. Kisha wakaanza kupatana, na mapatano yale ndiyo yaliyotawala nyumba yetu miezi iliyofuata. Nyimbo tisa ataimba kama Derek anavyotaka, chinichini. Wimbo wa kumi, ule wa Kiswahili, ataimba kwa sauti yake ya zamani, na pale kwenye mwito wa mwisho atapanda hadi juu kabisa. Ikipatikana, utakuwa wimbo wa kwanza kwenye santuri, na watu watajua Tekla amerudi. Isipopatikana, wimbo utashushwa na kuimbwa chini kama mingine. Nikasikia kiti kikisogezwa, na Derek akasema lovely.

Wimbo wenyewe ulikuwa "Kikombe cha Pili," alioutunga kwenye meza ile ya jikoni. Mwanamke anaamka kila siku anamimina chai vikombe viwili, na mwenye kikombe cha pili hayupo. Hakuna zaidi ya hapo. Mwito wa mwisho ni neno moja tu, "njoo," na neno hilo ndilo lililokuwa mlima. Alilifanyia mazoezi bafuni, bomba zote mbili zikiwa wazi ili tusimsikie, akisahau kwamba ukuta ulikuwa wa mbao na kitanda changu kiko upande wa pili. Nilijifunza anatomia na sauti hiyo masikioni. Anaanza, anapanda, anapanda tena, halafu kabla ya kufika anakata, na yanabaki maji. Kila siku ilikuwa hivyo. Sikuwahi kusikia anafika, na wala sikusikia inavunjika. Alikuwa anageuka njiani, kama mtu anayeogopa kugonga mlango akakuta nyumba haina watu.

Jumapili tulikula pamoja baada ya kanisa. Unga wa mahindi ulikuwa shida kupatikana, kwa hiyo tulisonga ugali wa semolina, mlaini mno, unateleza vidoleni, na Da Tekla akiuombea radhi kila wiki kana kwamba ni mgeni aliyekosa adabu. Sokoni Lewisham tulipata spinachi tukaiita mchicha, na nazi ilitoka kwenye kipande kigumu kama sabuni unachokikatia kwenye maji ya moto. Katika Jumapili moja ya namna hiyo, mkono ukiwa katikati ya bakuli na mdomo, alinisimulia harusi aliyoimba Muheza akiwa na miaka kumi na mitano. Bibi harusi anaingia, yeye ndiye wa kumpokea kwa wimbo, na koo likamkaba. Sauti ikakatika kama uzi. Kabla watu hawajageuza shingo, shangazi yake akaruka na vigelegele, wanawake wote wakadaka, ukumbi ukajaa, na chini ya vigelegele hivyo yeye akapata nafasi ya kumeza mate na kuanza upya. Hadi leo, alisema, wanaisifia ile harusi. Mimi nilikuwa naijua desturi hiyo. Kwetu mwimbaji akianguka, au bibi harusi akilia kilio cha kweli, wanawake humfunika kwa vigelegele mpaka ajikusanye, na hakuna anayelitaja tena jambo hilo, hata wakiwa nyumbani kwao. Kulitaja ni kumvua nguo uliyomvika. "Kuna vigelegele vya furaha na kuna vya sitara, mdogo wangu," aliniambia. "Vinafanana kabisa. Lakini anayepigiwa anavijua." Nikaitikia kwa kichwa na kuongeza mchicha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na maneno ya watu wazima niliyasikiliza kama redio iliyo chumba cha jirani.

Siku ya wimbo wa kumi ilikuwa Alhamisi, mwanzo wa vuli, saa sita mchana, nami nilikuwa na siku ya mapumziko wodini. Da Tekla aliomba niende naye. Studio ilikuwa chini ya duka la mazulia, vituo viwili vya treni kutoka kwetu, kuta zimebandikwa vipande vya mazulia yaleyale, kila kimoja na rangi yake. Wapiga ala walikuwa wameshamaliza kazi yao siku za nyuma. Kilichobaki ni sauti. Derek na fundi wake walikaa upande wa pili wa kioo. "Mimi siimbii kioo," Da Tekla akawaambia. "Nataka uso wa mtu wa kwetu." Derek hakupenda, kwa sababu maikrofoni ile ilikuwa na masikio ya paka, inasikia hadi tumbo linalonguruma, lakini akakubali kwa masharti. Nikavuliwa viatu. Nikavuliwa bangili. Nikaambiwa nisikohoe, nisisogeze kiti, na nikitaka kupiga chafya nife kwanza. Nikakaa kwenye kiti cha mbao, hatua nne kutoka kwake, mikono imekunjwa mapajani kama ninasubiri kupigwa picha. Da Tekla alitafuna kipande cha tangawizi, akakitema kwenye leso, akavaa hedifoni, na akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona: alivua kile kitambaa cha shingoni. Kovu lilikuwa jembamba, kama mkunjo wa kawaida tu. Alinitazama mimi, si kioo, akaanza.

Siwezi kuusimulia wimbo ule vizuri, na nisingependa kujaribu. Nasema tu kwamba beti mbili za mwanzo aliimba chini, kama Derek alivyopenda, na mimi nilizifurahia kama mtu anavyofurahia chai. Kisha ukaja mwito. Nilimwona akivuta pumzi, mabega yakashuka, na akaanza kupanda ule mlima niliokuwa nausikia kupitia ukuta wa bafu kwa miezi. Nilikuwa najua kila hatua. Nilijua mahali anapokatiza. Alipofika pale hakukatiza. Alipita. Na mimi, msichana niliyevuliwa bangili na kuonywa hata kuhusu chafya, nilisikia vigelegele vikinitoka. Sikuviamua. Ulimi ulikuwa umeshatangulia, mkono wangu wa kulia uko juu, na sauti yangu ikakijaza kile chumba cha mazulia kama tumeletewa bibi harusi. Vilidumu muda gani sijui. Nilivizima kwa kiganja. Nilipofumbua macho Da Tekla alikuwa amevua hedifoni, kinanda cha umeme kikiendelea peke yake ndani yake, kwa sauti ndogo, kama nzi kwenye chupa. Alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema polepole, "Asante, mwanangu."

Kwetu ukivunjiwa sahani unasema asante. Nilielewa hivyo. Na lile neno "mwanangu" lilinichoma zaidi, kwa sababu hakuwahi kuniita hivyo. Nilichukua viatu mkononi nikapanda ngazi, nikapita kwenye mazulia nikiwa na soksi, nikakaa kituo cha treni na kulia mafungu yangu yote kwa mkupuo. Jioni hiyo alirudi na kupika kama kawaida. Aliniambia nisijisumbue tena kwenda studio, nina mitihani, nipumzike. Kitambaa kilikuwa kimerudi shingoni. Siku mbili tatu baadaye nilikuwa kwenye ngazi tena, safari hii bila kutafuta kiatu, nikamsikia akisema kwenye simu ya ukumbini, kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Ushushe, Derek. Kule juu kumekwisha." Derek naona alijitahidi kubisha kidogo, maana Da Tekla alinyamaza, kisha akasema, "Wewe hujawahi kusema kitu kibaya maishani mwako. Ushushe." Na mimi kwenye ngazi nikapiga hesabu yangu: alikuwa na mara moja tu ndani yake, mara moja ya kufika kule, na hiyo moja nimeiharibu kwa domo langu. Hana nguvu ya kurudia. Bomba za bafuni hazikufunguliwa zote mbili tena. Alioga kama watu wengine.

Santuri ilitoka majira ya kuchipua. Kwenye jalada amesimama dirishani, blauzi nyeupe, mwanga laini, kitambaa shingoni, na yeyote asiyejua angesema ni pambo. "Kikombe cha Pili" uliwekwa wa mwisho upande wa pili, umeshushwa, na lile "njoo" analisema badala ya kuliita, kama mtu ambaye ameshajua hakuna atakayekuja. Magazeti mawili yaliusifu utulivu wake. Redio zilipiga nyimbo zake mchana kwa wiki chache, saa zile za watu wanaopiga pasi, na baada ya hapo niliwahi kuusikia mmoja kwa daktari wa meno, nikiwa na mdomo wazi na siwezi kusema namjua mwimbaji. Derek alistaafu. Da Tekla hakurekodi tena. Kanisani alihamia kwa wanawake wa sauti ya chini, akaimba huko miaka arobaini, safi, bila kosa, na wageni walimsifu kwa unyenyekevu. Mimi aliniita "mwanangu" hadi alipofariki. Alinisimamia harusi yangu, alinishikia watoto, nami nilimkata kucha za miguu mikono yake ilipoanza kutetemeka. Kuhusu ile Alhamisi hatukuwahi kusema hata neno. Nilidhani ananihurumia.

Wasomaji wa kumbukumbu wanapenda kuambiwa mwaka fulani ulimfundisha mtu nini. Mimi ulinifundisha kufunga mdomo. Wodini nimesifiwa kwa hilo maisha yote. Nilikuwa yule nesi asiyepaza sauti, ambaye ndugu wa wagonjwa wanamtafuta. Nyumbani haikuwa sifa kubwa sana. Binti yangu alipoolewa, hapo Thamesmead, wanawake wa Kitanzania na wa Kenya walishindana kwa vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini, na wote wakanigeukia, mama wa bibi harusi, zamu yako. Nilipiga makofi. Binti yangu aliwahi kuniuliza kwa nini, nikamwambia nilikuwa na mafua.

Ndiyo maana niliporudi nyumbani na ile kaseti, sikulala vizuri kwa siku kadhaa, ingawa si desturi yangu. Nilikuwa nimeelewa, kwa kuchelewa kama kawaida ya watu wanaojiona werevu. Da Tekla alisikia vigelegele vyangu akiwa juu kabisa, hedifoni masikioni, kinanda kinalia, mahali ambapo alitarajia kuanguka. Hakuweza kujisikia mwenyewe. Alichosikia ni mtoto wa Muheza akimpigia vigelegele katikati ya wimbo, tena mahali palipokatazwa hata kukohoa. Kwa mtu wa kwetu hilo lina maana moja. Hakuna anayevunja amri kama ile kwa furaha. Anavunja kwa sababu mwenzake anaanguka na lazima afunikwe. Akanishukuru. Akazeeka palepale, akaniita mwanangu. Na akatunza adabu: aliyesitiriwa hatamki, na aliyesitiri hatamki. Lakini yote haya yangekuwa kweli kama sauti yake ilivunjika. Mimi nilikumbuka haikuvunjika. Yeye aliandika kwa wino kwamba ilivunjika. Kumbukumbu yangu nimeishi nayo muda mrefu mno, siiamini. Inawezekana niliposikia inaanza kupasuka ulimi wangu ulijua kabla yangu.

Sina kinasa cha kaseti, na Doreen hajui hata kaseti inaingizwa upande gani. Mtu mmoja kanisani akanielekeza Rayners Lane, upande wa pili kabisa wa mji, kwenye duka dogo karibu na kituo ambalo linauza mabegi, majalada ya simu na ubani wa vijiti, na nyuma mzee wa Kihindi anatengeneza redio. Nilikwenda Jumatatu asubuhi. Mzee mwenyewe, Bwana Kanji, alizaliwa Kisumu, na aliposikia ninavyosema "samahani" akaacha Kiingereza mara moja.

"Karibu mama, kaa. Hii kaseti ni ya zamani sana. Ngoja nisafishe mashine kwanza, isije kula mkanda." Akasugua kwa pamba, akaunganisha waya kwenye kompyuta. "Unataka kusikia yote?"

"Nataka kusikia mahali sauti inapovunjika," nikamwambia. "Ni karibu na mwisho."

Akabonyeza. Kilikuja kwanza kile kinanda, kikimung'unya, na mimi nikarudi kwenye kiti cha mbao bila viatu. Kisha Da Tekla, chini, karibu, umri wa binti yangu. Bwana Kanji aliacha kugusa vitu. Mwito ukaja, akapanda, na nikashika ukingo wa meza. Alifika. Alikaa kule juu kama mtu aliyefika kwake. Baada ya hapo ndipo nikaingia mimi, nikasikia vigelegele vya msichana ambaye sikumfahamu, vya kijinga, vya furaha tupu. Na chini yake "njoo" ikaendelea, nzima, imenyooka, hadi pumzi ikaisha yenyewe. Kisha kinanda peke yake. Kisha sauti ikisema asante, mwanangu. Hatua zikikimbia kwenye ngazi, ndizo zangu. Halafu kitu ambacho sikuwepo kukisikia: Derek, kupitia spika ya ukutani, akisema, "Lovely, Tekla. That was lovely. Come and hear it." Na Da Tekla, "No, Derek. Switch it off."

"Mama," Bwana Kanji akasema, "hiyo kuvunjika iko wapi? Mimi sijaisikia."

Nikamwomba arudie. Akarudia mara tatu. Alinionyesha kwenye kioo cha kompyuta jinsi sauti yake ilivyochorwa, mstari mnene usio na pengo, na juu yake vigelegele vyangu vimesimama kama manyoya ya paka aliyeogopa. Hakuna pengo. Hapo nililia, dukani kwa mtu, kati ya mabegi, na si kwa mafungu. Nililia kwa sababu alikuwa nayo. Siku ile na miaka yote iliyofuata alikuwa nayo, akaifungia kwenye bati la biskuti bila kuisikiliza, akidhani ni aibu, na neno moja langu, moja tu, jikoni, wakati wowote katika miaka arobaini, lingetosha. Nilikaa kimya kwa aibu yangu, naye kwa adabu yake, tukapitishiana ugali. Bwana Kanji alitoka nyuma akarudi na chai ya maziwa yenye iliki, akaiweka mbele yangu, akangoja ninywe nusu.

Nilimweleza basi, kwa kifupi. Mwimbaji amekufa, Jumamosi ni ibada yake, mtoto wa kaka yake anataka wimbo, na hii ndiyo mara pekee alipoimba kwa sauti yake baada ya kupasuliwa. Akafikiri, akasogeza kiti karibu na kompyuta.

"Siku hizi hii mashine inajua kutenga sauti," akasema. "Hiyo kelele ya juu, ya huyo msichana, naweza kuitoa. Itabaki ya mama mwimbaji peke yake, safi." Kisha akaona uso wangu, akaogopa amekosea. "Au niache? Naona kama ni ukumbusho. Huyo msichana ni wewe, sivyo?"

"Ni mimi."

"Basi niache?"

Niliutazama ule mstari mnene, usio na pengo, na yale manyoya yangu juu yake.

"Itoe," nikamwambia. "Hapo hapana kitu cha kusitiri."